Swali Lisilojibiwa Huzaa Ugomvi

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wawakilishi wa wanachama, katika semina ya maandalizi ya msimu wa korosho.)

Nilipoalikwa niliombwa nizungumze juu ya utunzaji wa vitabu vya hesabu. Nimeona nizungumze juu ya ugomvi. Msidhani nimeikimbia mada niliyopewa. Katika miaka yangu ya kukagua vyama nimejifunza kwamba vitabu na ugomvi ni ndugu wa tumbo moja: pale vitabu vinapokaa kimya, ndipo watu wanapopiga kelele.

UGOMVI PEKE YAKE SI AIBU

Chama cha ushirika ni watu wengi wenye mali moja. Palipo na watu wengi na mali moja hapakosi kutofautiana. Mimi binafsi, nikifika katika chama nikaambiwa kwamba kwa miaka mitatu hapajatokea mwanachama aliyeuliza neno, sifurahi. Huona kwamba ama wanachama wamekata tamaa, ama wanaogopa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tena yafaa tukumbuke kwamba ushirika wetu wenyewe ulitokana na malalamiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakishuku mizani za wanunuzi. Walipima pamba nyumbani ikawa na uzito huu, wakaifikisha kwa mnunuzi ikawa na uzito mwingine. Wangeweza kumtukana mnunuzi, na wangeweza kuivunja mizani yake. Badala yake waliweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito unaosomwa na mnunuzi usomwe pia na macho ya mkulima. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na watu kama Paul Bomani, vyama vya msingi vilienea katika Kanda ya Ziwa, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la vyama vikuu lililojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions. Angalieni, ndugu zangu, ugomvi ule ulimalizwa kwa kitu gani. Ulimalizwa kwa jicho la pili juu ya mizani. Shaka ilijibiwa kwa kipimo.

Nao mfano wa upande wa pili tunao, na sote tunaukumbuka kwa huzuni. Mwezi wa Aprili mwaka 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, wakulima walitangaziwa malipo ya pili ya korosho yaliyokuwa chini kabisa ya yale waliyoyategemea. Hasira iliripuka, na nyumba na mali zikachomwa moto, zikiwamo za viongozi. Wakulima wale walikuwa na swali la haki kabisa: fedha yetu imepungua kwa sababu gani? Lakini swali likishakuwa moto halijibiki tena, kwa maana moto hauli mwizi peke yake. Humla na mtoto wa jirani, na vitabu ambavyo ndimo jibu lilimokuwa.

KATI YA MIZANI NA BENKI

Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima siku hizi hapokei fedha mkononi siku anayopima. Hupima, akapewa stakabadhi. Mzigo hupelekwa ghala kuu. Husubiriwa mnada. Mnunuzi hulipa, makato hutolewa kwa mujibu wa mjengeko wa bei, ndipo fedha huingia benki. Mfumo huu una faida zake, ambazo sitazirudia hapa. Lakini kila Katibu hana budi kuelewa kwamba kati ya mizani na benki kuna siku nyingi, na siku hizo zikikosa habari hujazwa na uvumi. Mkulima aliyelala siku kumi bila kujua mzigo wake uko wapi hana haja ya mchochezi. Amekwisha kuchochewa na ukimya wetu.

HABARI YA KILO MIA MOJA

Sasa naomba niwasimulie jambo nililolishuhudia, nami nikiwa mmoja wa waliokosea. Chama chenyewe sitakitaja.

Mzee mmoja alipima korosho zake akapewa stakabadhi ya kilo 318. Malipo yalipoingia benki yalikuwa ya kilo 218. Mzee huyu si mtu wa haraka. Siku ile ilikuwa Ijumaa na ofisi imekwisha fungwa, basi akaikunja stakabadhi yake, akaitia ndani ya kitabu cha uanachama, akanuia kwenda kuuliza Jumatatu. Jioni mwanawe afanyaye kazi mjini alimpigia simu kumjulia hali. Mzee akamtajia jambo lile kama mtu atajavyo habari za mvua.

Kijana alikuwamo katika kundi la WhatsApp la chama. Usiku uleule akaandika: “Katibu, kilo 100 za baba ziko wapi? Mmezoea.”

Yatazameni maneno hayo. Sentensi ya kwanza ni swali, tena swali la haki. Neno la mwisho ni hukumu. Lau Katibu angelijibu swali, pengine hukumu ingalikufa yenyewe. Lakini Katibu alikuwa ametoka kushusha mzigo ghalani, amekuwa juu ya lori tangu alfajiri, na yeye ni binadamu. Alijibu lile neno la mwisho. Aliandika: “Asiyejua kushika jembe asitufundishe kazi.”

Kufikia Jumamosi adhuhuri kundi lilikuwa na ujumbe zaidi ya mia. Mtu alipeleka picha ya nyumba ya Katibu iliyoezekwa bati jipya, na chini yake maneno “kilo zetu hizi”. Bati lile, nilikuja kuelezwa baadaye, lilinunuliwa kwa fedha ya ufuta wa mkewe. Sauti zilirekodiwa, zikapelekwa katika makundi ya vijiji vingine, na watu wasiomjua Katibu wala mzee wakatoa hukumu zao.

Na mimi nilikuwamo. Sikuandika tusi, lakini niliandika jambo lililokuwa baya kuliko tusi. Niliandika kwa cheo changu: “Vitabu vya chama hiki nimevikagua mimi mwenyewe na havina kasoro. Wapotoshaji watachukuliwa hatua.” Vitabu nilivyovikagua vilikuwa vya msimu uliopita. Orodha ya malipo iliyokuwa ikibishaniwa sikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nilitaka kuzima moto, kumbe nimebeba mafuta ya taa.

Jumapili palikuwa na msiba kijijini. Watu wa nyumba ya Katibu na watu wa nyumba ya mzee, ambao miaka yote walikuwa wakichimba makaburi pamoja, walikaa mikeka mbalimbali. Mtoto wa Katibu alikuwa amekwisha kuitwa mtoto wa mwizi na wenzake. Ama mzee mwenyewe, hana simu ya kupokea picha. Habari hizo alizipata palepale msibani, mtu alipomwendea na kumpa pole kwa kudhulumiwa. Mzee akauliza: “Nimedhulumiwa na nani?”

Jumatatu nilifika. Tuliketi ofisini mzee, Katibu, Mwenyekiti, na wanachama wawili ambao mzee aliwachagua yeye mwenyewe. Tulifungua nakala ya stakabadhi iliyobaki kitabuni: kilo 318. Tukafungua daftari la mizani: kilo 318. Tukafungua orodha ya malipo iliyopelekwa benki: kilo 218. Karani wa orodha aliandika mbili mahali pa tatu. Tukajumlisha daftari lote na orodha yote, tofauti ikawa kilo 100 barabara. Tukatazama taarifa ya benki, na fedha ya kilo hizo tukaikuta imelala katika akaunti ya chama. Hapakuwa na mtu aliyeigusa. Kazi yote haikuzidi dakika 40. Mzee aliweka sahihi yake, akasema kwamba hivyo ndivyo alivyotazamia, akaomba ruhusa arudi shambani.

Kosa la kalamu lilisahihishwa kwa dakika 40. Kosa la ulimi halijasahihishwa mpaka leo. Mwezi haukuisha Katibu aliandika barua ya kujiuzulu, na chama kikampoteza mtumishi wa miaka 11. Katika mkutano mkuu uliofuata nilisimama nikaomba radhi mbele ya wanachama, kwa kuwa nilithibitisha nisichokiona. Kijana naye alikuja kutoka mjini akaomba radhi, na Katibu akampokea kwa mkono. Lakini kazi hakuirudia.

KWA NINI SIMU HUCHOCHEA

Si nia yangu kuilaumu simu. Kwa kutangaza siku ya mnada, bei iliyopatikana na tarehe ya mkutano, simu imetuokolea mwendo mwingi wa baiskeli. Hata hivyo yatupasa tujue kwa nini ugomvi ulio mdogo mdomoni huwa mkubwa katika simu.

Kwanza, simu haina sura wala salamu. Mtu aingiaye ofisini huanza kwa “Shikamoo” au “Habari za asubuhi”, huulizwa hali ya nyumbani, hupewa kiti. Baada ya hayo, tusi hupata taabu ya kutoka. Katika kundi la simu mtu huingia na tusi lake mkononi, na haoni jicho la amtukanaye likilegea.

Pili, simu ina watazamaji. Watu wawili wakibishana faraghani, mmoja aweza kusema “nimekosea” bila kuona haya. Wakibishana mbele ya watu mia mbili, kila mmoja hulinda heshima yake kuliko anavyoitafuta kweli.

Tatu, neno la simu husafiri na kudumu. Zamani neno lililotamkwa kilabuni usiku lilikuwa limekwisha kupoa asubuhi. Siku hizi huamka nalo, huligawa, na mtu mwingine hulipokea likiwa jipya bila habari ya swali lililolitangulia.

NAMNA YA KUUPOKEA UGOMVI

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, napendekeza mwenendo ufuatao. Hauhitaji fedha wala elimu kubwa. Wahitaji subira.

Kwanza, tenga swali na tusi. Malalamiko mara nyingi huja yamepakwa matope. Yaoshe, uchukue kilichomo. Jiulize: mtu huyu anataka kujua nini? Kilo? Tarehe? Makato? Jibu hilo, na tusi uliache lilipoangukia.

Pili, pokea upesi, lakini usihukumu upesi. Swali likiulizwa katika kundi, lisilale bila jibu, wala usilijibu kwa ubishi. Maneno haya yatosha: “Ndugu, nimepokea swali lako kuhusu stakabadhi ya mzee. Tafadhali aje, au amtume mtu na nakala yake, kesho saa tatu ofisini. Vitabu vitakuwa wazi, na jibu tutalitoa hapa.” Ukisha kuandika hivyo, weka simu chini. Usiandike usiku kile ambacho ungeona haya kukisoma asubuhi mbele ya mkutano mkuu.

Tatu, jibu kwa kitabu mbele ya macho yao. Usimwambie mwanachama “niamini”. Mwoneshe. Nakala ya stakabadhi, daftari la mizani, orodha ya malipo na taarifa ya benki viwekwe juu ya meza moja. Mruhusu aje na mtu anayemwamini, hasa ikiwa hasomi vizuri. Jicho la pili lililowafaa wakulima wa Usukuma litatufaa na sisi.

Nne, weka daftari la malalamiko. Andika tarehe, jina, swali, jibu, na sahihi za pande zote mbili. Nimeona vyama ambavyo swali moja huulizwa kila msimu na kila msimu hujibiwa kwa hasira, kwa sababu hakuna aliyeandika lilivyojibiwa mwaka jana.

Tano, kosa likiwa letu, tulitangaze palepale lilipotangazwa shutuma, na kwa sauti ileile. Haifai mtu atukanwe mbele ya watu mia mbili kisha asafishwe mbele ya watu wanne. Wala haifai chama kikosee hadharani kisha kisahihishe kichinichini.

Sita, zifuateni ngazi. Jambo lisiloisha ofisini lifike kwenye bodi, na lisiloisha kwenye bodi lifike kwenye mkutano mkuu. Taratibu zetu za ushirika zataka mgogoro ujaribiwe kwanza kwa mazungumzo na maridhiano kabla ya kupelekwa kwa Mrajis. Mtu aliyeruka ngazi zote akaanzia katika kundi la simu hakupeleka shauri mahali popote. Amelitupa njiani.

Saba, kundi la simu liwe na kanuni zilizopitishwa na wanachama wenyewe. Liwe la matangazo na maswali, lisiwe baraza la hukumu. Deni la mwanachama au salio lake lisitangazwe humo. Picha ya nyumba ya mtu, mke wake au watoto wake isipelekwe humo kwa jambo la chama. Kumbukeni pia kwamba ziko sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini nawaomba sana viongozi msizitumie sheria hizi kama fimbo ya kuwanyamazishia wanaouliza. Mwanachama anayeuliza hesabu ya korosho zake hatendi kosa lolote. Mimi nililitumia neno “hatua” mahali pa jibu, na matokeo yake nimekwisha kuwasimulia.

NENO KWA MWANACHAMA

Ndugu Wanachama, haki ya kuuliza ni yenu, na hakuna wa kuwanyang'anya. Ulizeni, ila ulizeni kwa namba. Mtu akisema, “Stakabadhi yangu namba fulani, ya tarehe fulani, ina kilo 318, benki nimepata za kilo 218, naomba kuelezwa,” amemfunga Katibu kwa kamba isiyokatika. Katibu hana pa kukimbilia ila kwenye kitabu. Lakini mtu akisema “mmezoea”, amempa Katibu nafasi ya kukasirika, na hasira ni maficho mazuri sana kwa mwenye hatia na mtego mbaya kwa asiye na hatia. Tunzeni stakabadhi zenu. Hudhurieni mikutano ambayo mjengeko wa bei husomwa, ili makato yasiwe habari mpya siku ya malipo. Na kabla ya kumtetea mzazi au jirani yako katika simu, muulize kwanza kama ametaka kutetewa, na kwa njia gani.

Mwenendo huu haufai ofisini tu. Majumbani mwetu mume na mke hukosana juu ya fedha ya msimu, na mara nyingi chanzo si fedha kutumika, bali mmoja kutojua imetumika wapi. Majirani hukosana juu ya mpaka, kisha huita ukoo mzima kabla ya kwenda pamoja kuutazama mti uliopandwa na wazee wao mpakani. Huko nako swali hutangulia, na lisipojibiwa hugeuka jambo jingine. Heri kuulizana kabla jua halijatua.

SULUHU SI KUFICHA

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila lalamiko latokana na kosa la kalamu. Wizi upo katika vyama vyetu, na mimi nimeukuta. Nimekuta mizani zilizochezewa, na nimekuta majina ya wakulima wasiokuwapo katika orodha. Mambo hayo hayamalizwi kwa chai na kushikana mikono. Kitabu kikionesha wizi, suala lipelekwe kwa wakaguzi na vyombo vya sheria, na fedha ya watu irudi. Suluhu ya kufunika kombe ili mwanaharamu apite ni ugomvi ulioahirishwa, na ugomvi ulioahirishwa hurudi na riba.

Lakini hata mwizi hukamatwa upesi zaidi kwa mwenendo huu. Kelele humpa muda wa kusahihisha vitabu vyake. Swali lenye namba, lililoandikwa katika daftari siku ileile mbele ya mashahidi, halimpi muda huo. Na asiye mwizi huokolewa kwa njia hiyohiyo.

Ndugu zangu, msimu unakaribia. Najua mtachoka, na najua usiku mmoja simu italia na neno baya litakuwamo. Usiku huo nawaomba mmkumbuke yule mzee aliyeikunja stakabadhi yake akaitia kitabuni, akangojea Jumatatu. Alikuwa na kilo 100 za kudai, nasi wengine hatukuwa na kitu ila maneno. Laiti tungalimwiga, chama kile kingalikuwa na Katibu wake hadi leo.

Mafungu ya wajibu wetu katika msimu huu ni mawili: viongozi tuwe tayari kufungua vitabu, na wanachama tuwe tayari kuuliza kwa adabu. Chama chenye haya mawili hakitakosa ubishi, lakini kitakaa mkeka mmoja msibani.

Ushirika ni nguvu.